Kanuni za kikosi cha moto cha mtaa: andikeni kwanza msichofanya

Rasimu za kanuni ninazoletewa na mitaa ya Moshi karibu zote huanza na vyeo. Mwenyekiti, makamu, katibu, katibu msaidizi, mweka hazina, mlezi. Na mlezi, bila shaka, ni mheshimiwa diwani. Kinafuata kiingilio, ada ya mwezi, rambirambi za mwanachama aliyefiwa, rangi ya fulana. Unasoma mpaka ukurasa wa mwisho hujakutana na sentensi inayosema nani akipuliza filimbi watu wote wanatoka, hata kama ndani imebaki friji mpya ya jirani. Hiyo ni katiba ya vikoba iliyobandikwa jina la zimamoto.

Nimevaa sare ya zimamoto sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na siku hizi naitwa shuleni, sokoni na mitaani kufundisha. Vijana wanaotaka kujitolea sijawahi kuwakosa. Wanachokosa ni mipaka, na kanuni za kikosi cha kujitolea kwa maoni yangu ni hati ya mipaka kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Mpaka wa kwanza ni wa kisheria. Kuzima moto na kuokoa nchini ni kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa sheria ya mwaka 2007. Kikosi cha mtaa hakishindani nalo. Hakifungi king'ora kwenye bodaboda, hakivai sare inayofanana na ya askari, hakikagui maduka ya watu wala kudai cheti. Kazi yake imo ndani ya zile dakika kati ya yowe la kwanza na gari kufika. Dakika hizo kwa mtu wa Bondeni, katikati ya mji, si sawa na za mtu wa Pasua, pembeni, na kwa aliye juu Kibosho, ambako barabara ni mteremko na migomba imekaba pande zote, ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza iwe hii, kwa maneno haya haya: "Kabla ya ndoo, simu." Inapigwa 114, na haipigwi na "mtu yeyote", kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga. Kila zamu iwe na mpigaji mmoja anayejulikana na msaidizi wake. Afundishwe kusema mambo matano bila kuhema: mtaa na kata, alama inayoonekana kutoka barabarani (msikiti, shule, sheli, baa maarufu), kinachoungua, kama kuna watu ndani, na gari kubwa liingilie wapi. Asikate simu mpaka aliyepokea amekata. Mwanachama wa pili, kwa kawaida dereva wa bodaboda, anakwenda kusimama kwenye njia panda ya lami ili aliongoze gari. Wa tatu anaondoa meza za nyanya na pikipiki zilizoegeshwa kichochoroni. Watu huona kazi hizi hazina heshima. Lakini fikiria: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo gari lenye lita elfu tano limebeba tani tano za maji peke yake. Likiingia uchochoro usiotokea upande wa pili, kulirudisha nyuma gizani katikati ya watu wanaopiga kelele kunaweza kuwagharimu paa zima.

Sasa sehemu ya "hatufanyi", ambayo vijana huichukia.

Hatuingii ndani ya nyumba iliyojaa moshi. Hatupandi juu ya bati. Hatumwagi maji kabla umeme haujakatwa kwenye swichi kuu. Hatulikaribii lori la mafuta lililopinduka, na tunawazuia wengine wasilikaribie. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ilichukua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli. Hatuuzimi moto unaotoka kwenye mtungi wa gesi kama hatuwezi kufunga koki. Hili la mwisho huleta ubishi kila darasa, kwa hiyo nalieleza: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ukiuzima ule ulimi wa moto huku gesi bado inatoka, gesi hiyo itatambaa sakafuni, itajaa chumbani au mtaroni, kisha itangoja cheche. Mtungi unaowaka ukiuona bado una afadhali kuliko gesi usiyoiona. Ondoeni watu, mkiweza poozeni mtungi kwa maji mkiwa mbali na nyuma ya ukuta, mngoje Jeshi.

Kuhusu moshi sina mjadala. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mtu huanguka kabla hajajua kwamba amelewa. Kitambaa cha maji puani hakiizuii. Askari wa Jeshi anaingia na mtungi wa hewa mgongoni na mwenzake ameshika mpira nyuma yake. Kijana wa mtaa anaingia na moyo wake. Akianguka, sasa mna watu wawili wa kuokoa.

"Na kama kuna mtoto ndani, kaka?" Swali hili huulizwa na kina mama, na wana haki. Mkoa huu wa Kilimanjaro haujasahau Shule ya Sekondari ya Shauritanga kule Rombo, Juni 1994, ambako wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Siwezi kuandika kanuni inayomwambia mzazi asimame, wala sijaribu. Ninachowaambia ni kwamba jibu la swali hilo linaandikwa miezi mingi kabla, kwenye madirisha. Nyumba zetu tumezifunga nondo kama maboma kwa kuogopa wezi. Kikosi kiwe na mtaimbo, nyundo ya mawe na msumeno wa chuma, na mazoezi ya kwanza ya mwaka yawe ya kung'oa nondo kwa nje. La maana zaidi, kanuni ziwape wanachama kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuomba kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja la nondo zinazofunguka, na ufunguo uning'inie mahali ambapo hata mtoto anapajua. Mara nyingi mtajibiwa "tutaangalia". Rudini tena.

Kuna suala la amri, na hapa ndipo nimeona vikosi vikivunjika. Mwenyekiti wa kikundi anachaguliwa kwa kura na hakuna ubaya. Anasimamia vikao na fedha. Lakini penye moto anayetoa amri ni kiongozi wa tukio, naye hachaguliwi kwa kupendwa. Ni mwanachama aliyefaulu mazoezi na aliyefika wa kwanza kati ya wenye sifa hiyo. Akifika mwenyekiti wa mtaa, au diwani, au mwenye nyumba wa Dar es Salaam aliyepigiwa simu, amri haihami. Inahama mara moja tu: gari la Jeshi likifika. Hapo kiongozi wa tukio anamfuata askari mwenye cheo, anampa taarifa ya nusu dakika (nani hajaonekana, ndani kuna nini, umeme umekatwa au la, maji yako wapi), halafu anauliza, "Afande, tukusaidie wapi?" Mara nyingi jibu litakuwa "rudisheni watu nyuma". Basi ndiyo kazi, fanyeni hiyo.

Pamoja na amri inakwenda hesabu. Kila mwanachama awe na kibao chenye jina lake. Akifika anamkabidhi mtunza hesabu, akiondoka anakichukua. Filimbi ikilia mara tatu wote wanatoka na vibao vinahesabiwa. Ni kazi ya mtu mmoja asiyegusa ndoo, na mara nyingi nawashauri wampe mzee au mwalimu mstaafu, mtu ambaye vijana hawawezi kumwambia "subiri kidogo".

Nani awe mwanachama? Watu hufikiria misuli. Fikirieni saa. Saa nne asubuhi vijana wenye nguvu wako mjini kazini, na waliopo mtaani ni mama ntilie, fundi cherehani, muuza genge na madereva wa boda kijiweni. Hao ndio kikosi chenu cha mchana, na wafundishwe kwanza: sufuria ya mafuta ya chipsi ikishika moto hufunikwa, haimwagiwi maji, maana maji yakizama kwenye mafuta ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka usoni mwa mtu. Zamu za usiku ni nyingine. Na Desemba ni nyingine kabisa, kwa sababu nusu ya mtaa wamepanda kwao Machame, Marangu na Rombo kula sikukuu. Zamu ya Krismasi ipangwe Novemba kwa majina ya wanaobaki. Umri ni kuanzia miaka 18. Aliyekunywa mbege, hata kama anasema ni ya kuonja, hagusi kifaa siku hiyo. Anaweza kushika tochi.

Kuhusu faini kwa asiyekuja mazoezini, wengine huniambia kujitolea hakuendi na faini. Historia inasema vingine. Kikosi ambacho Benjamin Franklin na wenzake walianzisha Philadelphia, Marekani, mwaka 1736 kilikuwa cha kujitolea, na hati yake ilimtaka kila mwanachama aje na ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea vyombo, na aliyezembea alitozwa. Huku kwetu hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mfongo, yaani mfereji wa maji wa asili, huko vihambani umedumu kwa sababu asiyetokea kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuusafisha, anatozwa, na wazee hawakuona aibu kutoza. Faini iwe ndogo, ilipwe kwa mweka hazina kwa risiti, na isitozwe kwa mgonjwa wala mfiwa.

Ile mifuko ya Franklin inanikumbusha jambo ambalo rasimu zetu hulisahau: wizi. Vyombo vikitolewa nje usiku, vibaka wanafika kabla ya zimamoto. Wapangieni watu wawili walinde mali sehemu moja, waorodheshe vilivyotolewa, na wamkabidhi mwenye nyumba mbele ya mjumbe. Mwanachama asipokee soda, wala hela ya "asante", pale pale kwenye tukio. Shukrani ziende kwenye kikao.

Vifaa nitavipitia haraka. Ndoo, mapipa yaliyojaa, mchanga mkavu, mitungi ya kuzimia moto ambayo mshale uko kwenye kijani na ambayo fundi ameikagua ndani ya mwaka. Funguo za stoo zikae kwa watu watatu wanaolala mtaa huo. Mpira wa maji hauazimwi kuoshea gari, ngazi haiazimwi kupambia ukumbi wa harusi, na kanuni hiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwa sababu mtu wa kwanza kuja kuazima atakuwa kiongozi.

Moto wa mlimani ni kitu kingine. Oktoba 2020 moto wa Kilimanjaro uliunguza kilomita za mraba zipatazo 95, na mamia ya watu wakapanda kusaidia: wananchi, wapagazi, waongoza watalii, wanafunzi. Ilikuwa ni fahari kuwaona. Lakini kati ya Mandara na Horombo, vituo vya kulala wapanda mlima, ni mita 2,700 hadi 3,700 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku baridi inauma, upepo unageuka, na moto wa majani unaweza kukuzunguka ukiwa unautazama. Kikosi cha mtaa kisipande kwa uamuzi wake. Kipande kikiitwa na hifadhi, chini ya askari wa hifadhi, na majina yaachwe getini.

Halafu kuna kuumia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhusu mwajiriwa, na mwanachama wenu hakuajiriwa na mtu. Sehemu ya ada itengwe kwa matibabu na isiguswe kwa rambirambi wala sherehe. Kila anayejiunga aandike ndugu wa kupigiwa simu na kama ana bima ya afya. Hili nalisisitiza kuliko fulana.

Simu zikae mfukoni. Hakuna anayerekodi wala kurusha picha kwenye grupu la WhatsApp, na hakuna anayemwambia mwandishi wa habari kwamba "ni shoti ya umeme". Chanzo kitasemwa na wachunguzi, na ili wakipate, msifagie majivu wala kuhamisha jiko mpaka wamemaliza.

Rasimu ikiwa tayari, isomwe kwa sauti kikaoni, kisha mtendaji agonge muhuri. Ipelekeni kwa afisa maendeleo ya jamii kuhusu usajili wa kikundi, na nakala moja ofisi ya Jeshi ya mkoa. Ombeni askari mmoja aipitie kwa kalamu nyekundu. Atakapofuta, msibishane naye sana.