Je, wajua kwa nini kuacha dayati huanza na kilio?

Siku niliyoamua kuachana na dayati, nililia. Nilikuwa kwenye mkeka, nyumbani Ngamiani hapa Tanga, mbele yangu vitumbua vinne na chai ya maziwa, machozi yananidondoka. Mama mdogo akachungulia kutoka jikoni: "Mwanangu, una nini? Vimeungua?" Nikamwambia, "Hapana mama, vitamu."

Mtu kajinyima miaka tisa, leo karuhusiwa kula, kisha analia. Kwa nini?

Tuanze na njaa yenyewe. Mwishoni mwa 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza utafiti na vijana 36 wa kiume, wazima wa afya, waliojitolea wenyewe. Kwa miezi sita walipewa chakula cha kalori kama 1,570 kwa siku. Zipo dayati za WhatsApp zinazokupa chini ya hapo, na ukilalamika unaambiwa huna nia. Wale vijana walipoteza takriban robo ya uzito wao, lakini vichwa ndivyo vilivyoharibika zaidi. Waliwaza chakula mchana kutwa, wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wakalamba sahani, wakawa wanyonge na wenye hasira za haraka. Waliporuhusiwa kula tena, wapo waliokula mpaka tumbo likakataa, na bado wakasema wana njaa.

Mwili hauna habari kwamba kuna harusi na sare imeshanunuliwa. Unachojua ni kwamba chakula kimeadimika. Mafuta yakipungua, leptini, ile homoni inayouambia ubongo kuwa akiba ipo, hushuka. Ghrelini inayotoka tumboni kuita njaa hupanda. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa 2011 uliwapima watu waliopungua kwa dayati kali ya wiki 10. Mwaka mzima baadaye homoni hizo zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa. Mji wetu una msemo wake, "waja leo, waondoka leo". Kilo zangu ziliugeuza: ziliondoka leo, zikarudi leo, tena na wageni.

Kwa hiyo wiki za kwanza za kuacha ni za hofu. Unakula, unakula tena, unajiambia umeharibika. Watafiti Herman na Mack waliliona jambo linalofanana na hilo 1975: watu waliozoea kujizuia, wakishanyweshwa milksheki, walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao waliojizuia ambao hawakunyweshwa. Mantiki yake sisi tunaijua, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mtu akiamini kesho atajifungia tena, leo atamaliza sinia.

Kuna watakaosema mbona Ramadhani tunafunga na hatuwehuki. Lakini funga ina adhana ya magharibi. Dayati yangu haikuwa na magharibi.

Hofu nilijiandaa nayo. Sikujiandaa na msiba. Kabatini mwangu kulikuwa na gauni la zambarau nililoshonesha kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Nilimwambia fundi apunguze kiunoni inchi mbili, maana nilikuwa "napungua". Akanitazama juu ya miwani, akauliza kwa upole kama aniachie kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Nikakataa, niliona kama ananitakia mabaya. Harusini nikaenda na dera. Gauni likabaki likiningojea, au tuseme likimngojea yule mwanamke mwembamba ambaye angefika siku moja na kuanza kuishi: aende Raskazone akaogelee, apige picha bila kujificha nyuma ya shangazi zake. Kuacha dayati ni kukubali kwamba huyo bibi haji. Nilikuwa nimeishi naye miaka tisa. Ndiye niliyekuwa nikimlilia juu ya vile vitumbua.

Na hasira je? Ipo tele. Mtu yuleyule aliyeniambia kwenye arusi moja "umenenepa, mume atakukimbia," nilipopungua aliniuliza kwa sauti ya chini, "Umekonda hivi, umeshapima?" Nikajua mwili wenye umbo la kuwaridhisha wote haujaumbwa.

Njia niliyoifuata ilipewa jina na wataalamu wawili wa lishe wa Marekani, Evelyn Tribole na Elyse Resch, katika kitabu walichokitoa 1995. Kwa Kiswahili changu naiita kula kwa kuusikiliza mwili: njaa ikibisha hodi unaifungulia, ukishiba unasogeza sahani, na hakuna chakula kinachopewa cheo cha dhambi. Si mbinu ya kukonda. Anayekuuzia hivyo kaivisha dayati ileile kanga mpya. Na mwenye kisukari au ugonjwa mwingine unaotegemea chakula azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu dawa na mlo wake vinakwenda pamoja.

Mimi chakula changu cha haramu kilikuwa mkate wa kumimina, ule unaonukia iliki na tui tangu ukiwa mlangoni. Zamani ukiwamo nyumbani sikulala. Nilijua vipande vilivyobaki ni vingapi na kipi ni kikubwa. Nilipoanza kujiruhusu nikaula siku nane mfululizo, asubuhi na jioni, na Mama mdogo akaanza kuuficha unga wa mchele. Siku ya tisa nikataka muhogo.

Gauni nilimpa binti wa jirani mwezi uliofuata. Juzi asubuhi nimefunua kawa juu ya meza, nikakuta kipande cha mkate wa kumimina na sisimizi wamepiga foleni mpaka dirishani. Nilikiweka jana yake baada ya chai, nikakisahau.