Je, wajua kwa nini rimoti ya king'amuzi hugoma hom thieta inapoingia sebuleni?

Msimu wa korosho unapofika na fedha za minada zinapoanza kuwafikia wakulima, maduka ya vifaa vya umeme mjini Mtwara hujaa, na si ajabu kuona bodaboda inatoka mjini ikiwa na boksi la hom thieta limefungwa nyuma kwa mpira. Siku mbili tatu baadaye huanza malalamiko, na ajabu ni kwamba hayahusu hom thieta bali king'amuzi, ambacho kwa miaka yote kilikuwa kinaitika vizuri. Mwaka jana aliyenipigia simu ni shemeji yangu anayeishi Shangani, hapo hapo Mtwara. "Shemeji, hebu pita jioni," aliniambia. "Sijui ni rimoti iliyokufa au king'amuzi chenyewe. Tangu jana mpaka nikisogelee kabisa ndipo kinasikia."

Ili kuelewa kilichokuwa kinatokea, yafaa kwanza kujua rimoti huzungumza vipi. Kwenye pua yake kuna taa ndogo ya LED inayotoa mwanga wa infraredi, ambao kwa kawaida una urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, na jicho la binadamu haliuoni. Kitufe kinapobonyezwa, taa hiyo haiwaki ikatulia, bali hupepesa kwa kasi ambayo katika vifaa vingi ni mara 38,000 hivi kwa sekunde, kisha hunyamaza kidogo, hupepesa tena na kunyamaza tena, kama mpiga ngoma anayetuma ujumbe kwa kuzingatia muda wa kila ukimya. Katika utaratibu uliobuniwa na kampuni ya NEC ya Japani, ambao hutumika katika vifaa vingi sana, ujumbe hufunguliwa kwa mpepeso wa milisekunde 9 na ukimya wa milisekunde 4.5, halafu hufuata tarakimu 32 za sifuri na moja. Nusu ya kwanza ya tarakimu hizo ni anwani ya kifaa kinachoitwa, na nusu ya pili ni amri yenyewe.

Kasi hiyo ya mapepeso ina sababu yake. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani iliuza rimoti iliyoitwa Flash-Matic, kazi ya mhandisi Eugene Polley, ambayo ilikuwa kama tochi ya kumulika pembe nne za televisheni, na jua lilipoingia dirishani televisheni iliweza kubadilisha chaneli yenyewe. Siku hizi kipokezi kilicho nyuma ya kile kioo cheusi cha king'amuzi huchuja kila mwanga usiopepesa kwa kasi ya rimoti yake. Hata hivyo, jua kali likikielekea moja kwa moja hukilemea, na ndiyo maana nilipofika Shangani saa kumi na moja jioni, nikakuta televisheni inatazama dirisha la magharibi, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuvuta pazia. Hapakuwa na mabadiliko yoyote.

Nikatazama meza. Hapo ndipo hom thieta nyingi huleta matatizo, kwa kuwa spika ya katikati huwekwa mahali palipo wazi, yaani mbele kabisa ya jicho la televisheni au la king'amuzi, kisha juu yake hutandazwa kitambaa cha kufuma ambacho mwenye nyumba hataki kiguswe. (Kwa maoni yangu vitambaa hivyo vimewalisha mafundi wengi kuliko radi.) Kwa shemeji, hata hivyo, jicho la king'amuzi lilikuwa wazi. Betri zilikuwa mpya na springi zake hazikuwa na ule unga wa kijani au mweupe ambao hewa ya chumvi ya pwani yetu na betri zinazovuja huuacha. Ungekuwepo, kipande cha kitambaa chenye siki kidogo au kifutio cha mwanafunzi kingetosha.

Nikafungua kamera ya simu, nikaielekeza rimoti kwenye lenzi na kubonyeza. Kamera nyingi, hasa zile za mbele, huuona mwanga wa infraredi na kuuonyesha kama nukta nyeupe yenye uzambarau. Nukta ilionekana ikipepesa bila wasiwasi. Kwa hiyo rimoti ilikuwa nzima.

Shemeji naye akaongeza lalamiko la pili: hata king'amuzi kikiitika, kitufe cha sauti huonyesha namba zikipanda kwenye skrini ilhali spika hazibadiliki. Hili halikuwa tatizo la rimoti hata kidogo, na naliona ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi bure. Swali la kujiuliza ni sauti inapita wapi. Kwake picha na sauti zilitoka kwenye king'amuzi kwa waya wa HDMI hadi kwenye televisheni, na kutoka hapo sauti ilikwenda kwenye hom thieta kwa waya mwembamba wa mwanga, ambao katika televisheni nyingi hutoa sauti ya kiwango kisichobadilika. Rimoti ya king'amuzi ilikuwa imefundishwa kuongoza sauti ya televisheni, hivyo televisheni ilitii na kuhesabu namba zake, lakini spika zake zilikuwa zimezimwa na kilichokwenda nje hakikuguswa. Anayepaswa kuamriwa hapo ni hom thieta, kwa rimoti yake. Waya ungekuwa wa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC, yaani lile linalorudisha sauti ya televisheni kwenye hom thieta, na CEC, njia ya vifaa kupeana amri kwa waya huohuo, ikawashwa kwenye menyu za vifaa vyote viwili, televisheni ingeweza kuipitishia hom thieta amri hiyo. Kwa wenye waya wa AV wenye vichwa vyekundu na vyeupe kutoka kwenye king'amuzi moja kwa moja hadi kwenye sabufa, mambo ni mengine: sauti ya king'amuzi ipandishwe karibu na mwisho, kisha kiasi kirekebishwe kwenye sabufa, kwa maana king'amuzi kikiwa chini na sabufa ikiwa juu utakachosikia zaidi ni mvumo.

Kuna kisa cha tatu ambacho hakikuwa cha shemeji lakini hukutwa sana kwenye sabufa za bei nafuu. Unabadilisha chaneli ya king'amuzi, na sabufa nayo inahama kutoka AUX, yaani sauti inayoingia kwa waya, kwenda redio au Bluetooth. Chanzo ni ile anwani niliyoitaja: watengenezaji wengi hutumia vijenzi vya aina moja pamoja na anwani ileile iliyokuja navyo, kwa hiyo king'amuzi kinapoitwa wanaitika wawili, kama ndugu wawili waliopewa jina la babu mmoja. Dawa yake ni kipande cha utepe mweusi juu ya jicho la sabufa, na baada ya hapo sauti hurekebishwa kwa kuzungusha kitufe chake.

Tulibaki na lile la kwanza. King'amuzi kilikuwa kinasikia kwa karibu tu, jambo ambalo kwa kawaida humaanisha kwamba kipokezi kinasikia kelele nyingine wakati wote na kimepunguza usikivu wake. Taa za kubana matumizi zinaweza kufanya hivyo, kwa sababu baadhi yake hupepesa kwa kasi iliyo karibu na ile ya rimoti. Nikazizima zote. Giza lilikuwa limeingia, nikaizungusha kamera ya simu polepole chumba kizima, na kwenye kona ya kochi ikatokea nukta ya zambarau inapepesa peke yake, hakuna aliyebonyeza chochote.

Ilikuwa rimoti mpya ya hom thieta, nusu imezama kati ya mito, pua yake ikiielekea televisheni. Kitufe cha namba 7 kilikuwa kimezama na kugandishwa na soda, na kwa kuwa hom thieta ikiwa kwenye AUX namba hiyo haifanyi kazi yoyote, hakuna aliyeshtuka. Lakini rimoti iliendelea kurudia ishara yake takriban mara tisa kwa sekunde, tangu jana yake, ikizungumza juu ya kila neno la rimoti nyingine. Nilitoa betri zake, na shemeji akasimama mlangoni na rimoti ya king'amuzi mkononi. Chaneli ilibadilika kwa kubonyeza mara moja.