Feni kuwaka mapema haiokoi injini
Ukifunga feni ya umeme kwenye Peugeot 504 ya zamani, mafundi wengi wa Mwanjelwa, Mbeya, watakwambia: "Iwake kwenye nyuzi 75, usije kuchemsha mlima Kitonga." Sivyo. Themostati, kile kilango cha maji kinachofunguka kwa joto, ikiwa ya nyuzi 82 na bado imefungwa, maji ya moto hayafiki kwenye rejeta. Feni inapepea bure na kula chaji. Iwake kwenye 93, izime kwenye 87 hivi.

Hofu yenyewe naielewa. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye 94. Ila rejeta si sufuria: kifuniko kizima hubana presha, maji yakavuka 94 bila kuchemka. Kigeuze, utazame mpira wake. Ukiwa na nyufa, badilisha kifuniko kabla hujagusa feni.