Serikali "ikifungwa", watumishi hawako likizo

Wengi hudhani serikali ya Marekani "ikifungwa", watumishi wake wote hukaa nyumbani wakipumzika. Si kweli. Bunge likishindwa kupitisha bajeti, kinachosimama ni fedha. Kazi nyingi huendelea. Mwishoni mwa 2018 ilifungwa kwa siku 35, na watumishi wapatao 800,000 wakakosa mishahara. Zaidi ya nusu yao waliendelea kwenda kazini. Mkaguzi wa mizigo uwanja wa ndege aliamka alfajiri, akavaa sare, akatia mafuta kwa pesa yake, na hati ya mshahara ikaja na sifuri. Sheria ya 2019 inawahakikishia watumishi malimbikizo ya mishahara yao, lakini mwenye nyumba anataka kodi yake leo. Na wafagiaji wa ofisi za serikali walioajiriwa na wakandarasi? Sheria hiyo haiwagusi. Hao ndio wanaoniuma zaidi.