Kupanga na Kufunga Pedali za Gitaa: Dhana Zilizozoeleka na Ukweli Wake

Wapiga gitaa la umeme wanaoanza kukusanya pedali, yaani visanduku vya kukanyagwa kwa mguu vinavyobadilisha mlio wa gitaa, hupokea ushauri mwingi kuhusu namna ya kuzipanga na kuzifunga kwenye ubao, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya ushauri huo hukaza mahali pasipohitaji kukazwa. Katika mfuatano wa pedali, ambako mpigaji ana uhuru mpana, watu hutoa amri. Katika umeme, ambako uhuru haupo kabisa, huambiana kwamba mradi plagi imeingia basi mambo ni sawa. Pedali nyingi nzuri huungua kwa sababu hiyo, na wanamuziki wengi huacha kujaribu milio ambayo ingewafaa.

Dhana: Kuna mfuatano mmoja tu ulio sahihi

Mfuatano unaofundishwa huanza na tyuna ya kusawazisha nyuzi, ukafuatiwa na wawa, ambayo mguu huifungua na kuifunga kubadilisha ung'avu wa sauti, na kompresa ya kusawazisha ukubwa wa sauti, kisha pedali za kukwaruza sauti, yaani ovadraivu, distoshoni na fazi, halafu zile za kuyumbisha sauti kama korasi na feiza, na mwishoni dilei, inayorudia noti, na rivabu, inayotoa mwangwi. Mpangilio huu una sababu ya msingi. Pedali ya kukwaruza hukata vilele vya mawimbi ya sauti, hivyo kila kinachoingia ndani yake hubanwa na kuchanganyika. Dilei ikitangulia, marudio ya noti iliyopita hukwaruzwa pamoja na noti mpya na mlio wote hujaa matope. Ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini si sheria.

Ushahidi uko kwa wapigaji wawili wa gitaa la roki ambao kila mtu anawafahamu. Jimi Hendrix alipanga wawa, kisha fazi ya Fuzz Face, kisha Uni-Vibe ya kuyumbisha sauti, kwa hiyo myumbo wa sauti ulikuja baada ya mkwaruzo. Eddie Van Halen aliweka feiza ya MXR Phase 90 mbele ya amplifaya ya Marshall, na kwa kuwa mkwaruzo wake ulitoka kwenye amplifaya yenyewe, kwake myumbo ulitangulia. Feiza ikiwa mbele, mkwaruzo unaofuata huziba sehemu ya mabonde ambayo feiza imeyachimba katika sauti, na mzunguko wake husikika kwa upole. Ikiwa nyuma, hupita juu ya sauti iliyokwisha kujaa milio ya juu, na mzunguko huo hujitokeza kwa nguvu. Hakuna aliyekosea kati ya wawili hao.

Mambo mengine katika mfuatano yana matokeo yanayotabirika, na ni heri kuyajua kuliko kukariri orodha. Pedali ya sauti, ile ya kuongeza na kupunguza kwa mguu, ikiwekwa kabla ya ovadraivu hubadilisha kiasi cha mkwaruzo, na ikiwekwa baada yake hubadilisha ukubwa wa sauti peke yake. Ovadraivu mbili zikifuatana, ya kwanza ikiongezwa sauti huisukuma ya pili ikwaruze zaidi. Kama mkwaruzo wako unatoka kwenye amplifaya, dilei na rivabu hufaa ziunganishwe kwenye tundu za nyuma za kutoa na kurudisha sauti, ikiwa amplifaya hiyo inazo, ili marudio yasikwaruzwe. Na kwa mpigaji wa sauti safi, kama ilivyo kawaida kwa magitaa ya rumba na muziki wa dansi, tofauti kati ya kutanguliza korasi na kutanguliza dilei ni ndogo sana, na hana sababu ya kubishana na mtu juu yake.

Dhana: Pedali zenye mchepuko halisi hulinda sauti daima, na bafa huiharibu

Mchepuko halisi maana yake ni kwamba pedali ikizimwa, sauti hupita moja kwa moja kutoka tundu la kuingilia hadi la kutokea bila kugusa sakiti. Watu wengi hudhani kwamba ukiwa na pedali kumi za aina hiyo, sauti ya gitaa hubaki kama ilivyo. Kinachosahaulika ni kebo. Pikapu za kawaida za gitaa, zile sumaku zinazonasa mitetemo ya nyuzi, hutoa mawimbi dhaifu yenye ukinzani mkubwa, na kebo ina kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, ya takribani pikofaradi 100 kwa kila mita. Mwenye kebo ya mita 6 kabla ya ubao, mita 6 nyingine baada yake na vipande vifupi kati ya pedali ameshavuka pikofaradi 1,200, na kiasi hicho kinatosha kufifisha ung'avu wa sauti kwa namna inayosikika. Pedali zote zikizimwa, gitaa peke yake ndilo linalosukuma urefu huo wote.

Bafa, yaani sakiti ndogo ya kuimarisha mawimbi, ikitengenezwa vizuri huondoa tatizo hilo, kwa sababu hupokea sauti bila kuielemea gitaa na kuitoa ikiwa na nguvu ya kusafiri kwenye kebo ndefu. Pedali ndogo za Boss, zilizoanza kuuzwa mwaka 1977, zinajulikana kwa kuwa na bafa ndani yake, na moja tu kwenye ubao mara nyingi hutosha. Ipo hata hivyo hali moja ambayo onyo dhidi ya bafa ni la kweli: fazi za mtindo wa Fuzz Face, iliyotokea London mwaka 1966, hasa zile za transista za jemaniamu. Sakiti yake hutegemea kuunganishwa na pikapu moja kwa moja. Ndipo mpigaji anapopunguza kitasa cha sauti kwenye gitaa na mkwaruzo unasafika. Ukitanguliza bafa, hata ile iliyo ndani ya tyuna, mlio huwa mkali na uwezo huo hupungua sana. Basi fazi ya aina hiyo iwe ya kwanza, na bafa ifuate.

Dhana: Adapta yenye miliampea nyingi itaunguza pedali

Hii ndiyo hofu iliyoenea zaidi, na inaelekezwa mahali pasipo na hatari. Pedali huchukua mkondo inaouhitaji tu. Ovadraivu ya analogia inayotumia miliampea 10 haitadhurika kwa kuunganishwa na adapta ya miliampea 500, ilhali dilei ya kidijitali inayohitaji miliampea 300 haitafanya kazi vizuri kwenye tundu linalotoa 100. Jumlisha mahitaji ya pedali zote, acha ziada, kisha nunua.

Vinavyoua pedali ni volti zilizozidi, umeme wa AC (unaobadili mwelekeo, kama wa ukutani) kuingia mahali pa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), na chanya na hasi kugeuzwa. Pedali nyingi hutumia volti 9 za DC, hasi ikiwa katikati ya plagi. Lakini plagi ileile ya milimita 5.5 kwa 2.1 hutumika pia kwa volti 12 na 18, kwa hiyo kuingia kwake hakuthibitishi lolote. Soma maandishi yaliyo kando ya tundu kila unapounganisha. Fazi za jemaniamu zinahitaji uangalifu wa pekee, kwani baadhi zimejengwa kwa chanya kuwa ndiyo ardhi: zikiunganishwa kwenye waya mmoja wa kugawa umeme pamoja na pedali za kawaida husababisha shoti. Zipewe betri au tundu la umeme lililotengwa, yaani lisiloshirikiana na mengine.

Kutengwa huko kwa matundu ndiko kunakotibu hata mvumo na mlio mwembamba ambao wengi huulaumu kwa pedali yenyewe. Pedali za kidijitali zikishiriki waya mmoja wa umeme na ovadraivu, kelele za sakiti zake za ndani za kuhesabu muda hupenya kwenye sauti, na ovadraivu huzikuza. Anayeagiza kigawa umeme, yaani kisanduku cha kulisha pedali nyingi, kutoka Marekani ahakikishe pia kwamba kinapokea volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya, kwa maana vipo vilivyotengenezwa kwa volti 120 tu.

Dhana: Pedali zikae ubaoni kwa mfuatano uleule wa sauti

Sauti hufuata kebo, wala haijali pedali iko safu gani. Inayokanyagwa mara nyingi katikati ya wimbo iwe mbele, na inayobaki imewashwa muda wote iende nyuma. Wawa ipewe pembe yenye nafasi ya mguu, mbali na kigawa umeme chenye transfoma, kwa sababu koili iliyo ndani yake hunasa mvumo wa sumaku. Nyaya za umeme zikilazimika kukutana na kebo za sauti, zikatane kwa pembe mraba.

Dhana: Velkro ikibandikwa, kazi imekwisha

Velkro haishiki vizuri juu ya miguu ya mpira wala juu ya vumbi. Ondoa miguu hiyo, futa chini kwa spiriti, acha pakauke, na usibandike juu ya namba ya pedali ikiwa unafikiria kuiuza siku moja. Gundi hulainika kwenye joto, kwa hiyo ubao usiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Wenye ubao wa mbao hutumia pia vipande vya mnyororo wa baiskeli, tundu moja likishikwa na skrubu ya chini ya pedali na jingine likipigwa skrubu kwenye mbao. Njia hii ni imara mno na haiachi gundi.

Usizibane pedali mpaka plagi zigusane kwa nguvu, maana tundu nyingi zimelehemiwa moja kwa moja kwenye sakiti na hupasuka zikilemewa. Plagi bapa huokoa nafasi bila kuleta madhara hayo. Kabla ya kubandika chochote, zipange pedali zote sakafuni, ziunganishe, uzipige mazoezini kwa muda, kisha zizime zote na ulinganishe sauti ya kupitia ubao na ile ya gitaa lililochomekwa moja kwa moja kwenye amplifaya.