Jua linawaka Bugando, ndege imerudi Dar: ukungu, radi na msongamano wa Desemba Kanda ya Ziwa

Kila Desemba swali ni lile lile, na aghalabu huulizwa kwa hasira: "Mnasemaje hali ya hewa ni mbaya na huku mjini jua linawaka?" Anayeuliza yuko kwenye foleni uwanja wa ndege wa Mwanza, mizigo imeshapimwa, na ndege iliyotakiwa kumchukua imezunguka juu ya ziwa kisha ikaenda kutua kwingine. Sisi tunaotabiri hali ya hewa kwa ajili ya usafiri wa anga hatukai kwenye dawati la kuhudumia abiria, ila taarifa zetu ndizo zinazosomwa kabla ya uamuzi kufanyika. Kwa hiyo jibu ni juu yetu.

Katika kazi hii ukungu huandikwa ukungu pale tu umbali wa kuona unaposhuka chini ya mita 1,000. Hapa Mwanza mara nyingi hutanguliwa na mvua ya jioni. Ardhi inalowa, usiku mawingu yanatawanyika, upepo unatulia kabisa. Joto la ardhi linapotelea angani, hewa iliyoigusa inapoa, na unyevu wake unageuka matone madogo yanayoelea. Uwanja wetu uko Ilemela, mita 1,147 hivi kutoka usawa wa bahari, yaani mita kumi na kitu tu juu ya uso wa ziwa. Hewa baridi ni nzito. Huteremka vilimani na kutuama sehemu za chini. Mkazi wa kilima cha Bugando anaweza kuamka na jua safi wakati njia ya kurukia ndege haionekani. Hakuna anayedanganya hapo.

Kinachowachanganya zaidi abiria ni jambo jingine. Ndege inapita juu ya uwanja, aliye dirishani anaona paa la jengo na magari yaliyoegeshwa, halafu injini zinanguruma na ndege inapanda tena. "Tumeuona uwanja kabisa, rubani akaogopa!" Hebu tupige hesabu. Chukua ukungu wenye unene wa mita 50. Ukitazama chini moja kwa moja, macho yako yanapenya mita 50 tu, na utaona mpaka bodaboda getini. Rubani anayetua hatazami hivyo. Yeye anashuka kwa mteremko wa nyuzi 3, na kwa mteremko huo ukungu ule ule wa mita 50 unakuwa ukuta wa karibu mita 950 mbele yake. Ndege ya propela inayokuja kwa kilomita 200 kwa saa inakula zaidi ya mita 50 kila sekunde. Fanya mwenyewe mgawanyo.

Rubani naye hakisii. Kila njia ya kutua ina kimo cha mwisho: akifika hapo hajaona taa wala njia yenyewe, anapanda. Palipo na mitambo ya redio ya kumwelekeza kwa usahihi hadi chini, ile ya daraja la kwanza, kimo hicho ni futi 200, na umbali wa kuona kwenye njia usipungue mita 550. Pasipo na mitambo hiyo mipaka hupanda juu zaidi, na ndiyo hali ya viwanja vingi vidogo duniani.

Mtu mwenye simu anaweza kusoma taarifa zile zile anazosoma rubani. Mfano wa asubuhi ya ukungu hapa kwetu ungekuwa hivi: HTMW 130400Z 00000KT 0800 FG VV002 19/19 Q1018. HTMW ni Mwanza. Ni tarehe 13, saa 4:00 kwa saa za dunia, yaani saa moja kamili asubuhi kwetu. Sifuri tano zina maana hakuna upepo. Umbali wa kuona ni mita 800, kuna ukungu, na ukitazama juu unaona futi 200 tu. Q1018 ya mwisho ni kanieneo ya hewa. Mimi macho yangu huenda kwanza kwenye 19/19: joto la hewa na joto ambalo unyevu hugeuka matone yamelingana. Zikiwa 19/19 na upepo haupo, nahodha aliyeko Dar es Salaam ana sababu ya kunywa chai taratibu. Zikianza kuachana, 21/19 kwa mfano, ukungu unakatika.

Na kwetu hukatika mapema, kwa kawaida kabla ya saa nne. Hapo tuna bahati kuliko watu wa visiwa vya bahari baridi. Kisiwa cha Nantucket, pwani ya Massachusetts nchini Marekani, hupata ukungu wake mbaya kuanzia Juni, hewa ya joto yenye unyevu inapopita juu ya bahari ambayo bado ni baridi. Ukungu wa namna hiyo unaweza kushinda na kulala hapo. Ndiyo miezi ambayo watalii humiminika na uwanja ule mdogo hufurika ndege. Si mbali na hapo, usiku wa tarehe 16 Julai 1999, ndege ndogo aliyoirusha John F. Kennedy Jr., mtoto wa rais wa zamani wa Marekani, ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard na watu wote watatu wakafa. Wachunguzi walihitimisha kuwa rubani alipoteza mwelekeo katika giza na utusitusi juu ya maji.

Ziwa Victoria halina ubaridi huo. Maji yake hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 26 hivi mwaka mzima, na joto hilo ndilo linalotuletea radi. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo unatoka kila ufukwe kuelekea ziwani, unakutana katikati na kupanda. Kufikia usiku wa manane mawingu ya radi yamesimama juu ya maji, na pepo za mashariki zinayasukuma kuelekea mkoa wa Kagera, magharibi mwa ziwa, uliko mji wa Bukoba. Alfajiri yamefika. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara mbili ya Mwanza, na sehemu kubwa hunyesha asubuhi. Uwanja wake ni mfupi, ziwa liko upande mmoja na vilima upande wa pili. Ilikuwa asubuhi, tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege aina ya ATR 42 yenye watu 43 ilipoangukia ziwani ikijiandaa kutua Bukoba, 19 walifariki. Chanzo cha ajali ni kazi ya wachunguzi, sitaigusa. Naikumbusha saa na msimu tu. Wanaomlaumu rubani kwa kurudi Mwanza na abiria wa Bukoba wangetazama picha ya rada ya saa hiyo wangenyamaza.

Sasa Desemba. Ukungu au radi inayodumu kwa muda wa saa mbili ni jambo la kawaida. Kinachoigeuza kuwa siku mbili za kulala hotelini ni viti. Tuseme ndege ya abiria 70 imeghairiwa. Januari mwishoni, safari zinazofuata zikiwa na viti 35 vitupu kila moja, safari mbili zinawamaliza wote. Wiki ya Krismasi, Wahaya wanaporudi kuwaona wazee na kila mwenye ndugu Mwanza anapokuja na boksi la zawadi, safari hizo zinaweza kuwa na viti 10 tu. Hapo zinahitajika safari saba, na tayari kesho yake nayo ina ukungu wake. Julai na Agosti, watalii wa Serengeti wanapoongezeka, hesabu inaelekea huko huko, ingawa ukungu wa mvua ya jioni unakuwa umepungua.

Wala kila safari haina ndege yake peke yake. Ile inayokupeleka Dar saa kumi jioni huenda asubuhi ilikuwa Bukoba. Ikichelewa saa moja huko, inakosa nafasi yake ya kupakia, ukungu unapoondoka ndege zote zilizosubiri zinakuja kwa mkupuo, na njia ya kutua ni moja. Kukaa angani kusubiri nako kuna kikomo: ndege ya jeti haitakiwi kupangiwa kutua ikiwa na mafuta pungufu ya dakika 30, na kabla ya hapo lazima yawepo ya kufika uwanja mbadala. Saa za kazi za marubani nazo zina mwisho. Zikiisha, hata anga likitakata, ndege inalala.

Nikiulizwa na ndugu zangu, nawaambia Desemba wakate tiketi ya saa nne hadi saa sita. Ukungu umeshaondoka, radi za Kagera zimeshalegea, na ucheleweshaji wa siku haujarundikana. Mgonjwa mwenye miadi Muhimbili, au mwenye ndege ya kwenda nje ya nchi, afike Dar jana yake.

Halafu namba ya simu. Wengi hukata tiketi kwa wakala, na wakala huandika namba yake mwenyewe kwenye mfumo. Ujumbe wa kuahirishwa unapotumwa saa kumi na moja alfajiri unaingia kwenye simu ya wakala aliyelala Kirumba, na abiria wake yuko njiani kutoka Magu na watoto watatu. Kabla hujalipa, mwambie wakala aandike namba yako, kisha umwombe akuonyeshe kwenye skrini.