William Henry Lewis hakukimbilia sheria baada ya mpira

Wengi wanaolijua jina la William Henry Lewis, mtu mweusi wa kwanza kuteuliwa katika kikosi bora cha futiboli ya Kimarekani ya vyuo, hudhani kwamba mpira ndio uliokuwa kazi yake, na kwamba alitafuta hifadhi katika sheria nguvu zilipomwishia. Sivyo. Lewis, aliyezaliwa Virginia mwaka 1868 na wazazi waliowahi kuwa watumwa, alikuwa tayari mwanafunzi wa sheria Harvard alipoteuliwa mwaka 1892 na tena 1893, kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliwaruhusu wanafunzi waliokwisha kupata shahada ya kwanza, kama yeye aliyeipata Amherst, kuendelea kucheza. Hata ukocha wake Harvard, uliodumu hadi 1906, ulikwenda sambamba na uwakili. Mwaka 1911 alithibitishwa kuwa Mwanasheria Mkuu Msaidizi wa Marekani, cheo ambacho hakuna mweusi aliyekuwa amekishika. Na chama cha mawakili cha nchi hiyo kilipotaka kumwondoa katika uanachama wake kwa sababu ya rangi yake, alikataa katakata kujiuzulu, msimamo ambao kwangu unazidi ushindi wowote wa uwanjani.